Shemeji Milimita Abomoa Nguzo Yake

Mume wa mdogo wangu tunamwita Milimita. Jina hilo nilimpa mimi, na ukisikia mtu mwingine anajidai kulibuni, mwongo huyo, mkatae. Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Akikutembelea, kabla hajakaa anaukodolea macho mlango alioingilia, anasonya kidogo, halafu futi ya kuvuta inatoka mfukoni. Siku aliyoletwa nyumbani kwetu mara ya kwanza alipima sebule nzima wazee wakiwa wamekaa humo humo. Marehemu baba akaniita pembeni. "Huyu kaja kuoa au kaja kununua nyumba?" Nikamjibu, "Baba, mpe tu. Mtu anayepima namna hii hawezi kumpoteza mtoto wa watu."

Mimi nahamisha vyombo. Nina gari, nina kamba, nina vijana wawili wavivu, na nina kichwa. Kabati la milango mitatu nimewahi kulishusha kwenye ngazi ya kuzunguka bila kukwaruza hata tone la rangi, na friji nimelipitisha dirishani mwenye nyumba akiwa amefumba macho kwa hofu. Shule hatukwenda mbali nayo, tuliachana kwa amani. Lakini nisimamishe mbele ya mlango nikiwa na sofa, nitaona kwa jicho moja kile ambacho shemeji yangu anakitafuta kwa kikokotoo mpaka chai inapoa. Ndiyo maana hatuachi kutaniana: yeye anachora milango, mimi napigana nayo.

Ukimwona barabarani utadhani amefiwa. Anatembea kwa kuzunguka. Kutoka kwake mpaka sokoni kuna njia iliyonyooka kabisa, lakini yeye anapita nyuma ya gereji, anakata kwenye uwanja, anatokea upande wa pili ameloa jasho. Sababu ni kwamba njia ile iliyonyooka ina nyumba alizozichora. Au tuseme nyumba zilizokuwa zake kwenye karatasi. Muuza nyama alichorewa baraza la kupumzikia, akaligeuza duka la vocha. Mwalimu mmoja alichorewa uwazi wa katikati wa kuingiza mwanga, akaufunika bati na kuweka tangi la maji juu yake, sasa mchana kweupe wanakula kwa taa. Na yule mwenye gari kubwa ndiye aliyemmaliza kabisa. Alisimama mbele ya ramani, akaweka kidole, akauliza, "Hii nguzo ya nini hapa?" Milimita akaeleza. Jamaa akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, nguzo ikaondolewa ili gari lipate kugeuka. Leo ile slebu ya zege juu yake imelegea kama mdomo wa mtu aliyesinzia, na kila anayepita anasema, "Nani alichora hii?"

Miaka yote hiyo, nyumba baada ya nyumba, na hakuna hata moja iliyosimama kama alivyoiwaza. Mdogo wangu amezoea. Yeye ni msusi, ana saluni chumba cha mbele, na wateja wakimuuliza mumewe anafanya kazi gani anasema, "Anachora vitu ambavyo watu wanavikataa vizuri."

Sasa mtaa ukaamua kujenga chekechea. Kamati ikawaita wachoraji wawili, Milimita mmoja wao. Jamani, sijawahi kumwona mtu akifanya kazi vile. Aliazima kigoda cha mtoto akakikalia, magoti yakamfika masikioni, akawa anaangalia ukuta. Nikamkuta hivyo.

"Shemeji, umeadhibiwa?"

"Natafuta mtoto anaona nini."

"Anaona magoti yako."

Hakucheka. Akanionyesha kwenye skrini. Madirisha ya madarasa yote alikuwa ameyashusha chini, mtoto akikaa tu kwenye kiti chake anaona uwanja, anaona miti, anaona geti. Mabomba ya kunawia chini, vitasa vya milango chini. Mtu mzima ukiingia mle utajiona umevamia nyumba ya watu. Akaniambia kwa sauti ya chini, maana mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, "Hii wakinikubalia halafu wayapandishe madirisha, au wasinikubalie kabisa, mimi naacha. Nakuja kubeba magodoro na wewe."

Nikaiangalia mikono yake. Myembamba kama penseli zake. Nikayahofia magodoro.

Kamati ikasema haitaki makaratasi. Jumatatu asubuhi kila mchoraji aje na jengo lake kwenye skrini, waweze kutembea ndani kabla halijajengwa. Kutembea ndani ya jengo ambalo halipo si mchezo, kompyuta ya kawaida inakwama mlangoni. Inahitajika kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Ya Milimita kuiita kadi ni kuionea. Tofali lile! Refu, nene, mafeni matatu yamepangana tumboni, ukilipakata unatafuta chupa ya maziwa.

Na tofali hilo alilitia ndani ya kasha dogo kuliko yote dukani. Kasha ni lile boksi la kompyuta ambalo watu wenye akili timamu tunaliita sipiyu, na mpwa wangu hukunja uso kila tukisema hivyo. Kisa cha udogo ni kwamba ofisi ya Milimita ni chumba kilichokuwa stoo, katikati ya saluni na jiko, na chini ya meza yake palikuwa na nafasi aliyoipima. Akapima kasha, likaingia. Akapima kadi, ikaingia ndani ya kasha zikabaki milimita mbili. Aliniita mbio nije nione.

"Shemeji! Mbili tu! Hakuna nafasi iliyopotea!"

"Na mkono je?" nikamuuliza.

"Mkono wa nini?"

"Wa kuitolea."

Akanionea huruma. "Nani atakayeitoa?"

Hayo hayakumtosha. Kadi nzito ikishikwa upande mmoja, upande wa pili unalegea kidogo. Ni kawaida, na wenzake wanaegesha kifuniko cha chupa maisha yanaendelea. Lakini huyu ni mtu aliyeshuhudia slebu ikilegea kwa kunyimwa nguzo. Hakulala. Akachora ramani ya nguzo, nasema kweli, ramani yenye vipimo na mhuri wake. Akachonga nguzo yenyewe kwa ubao mgumu, urefu wa kidole, ikiwa na msingi na kichwa, akaipiga msasa, akaipaka rangi nyeupe, juu akaweka kipande cha mpira ili isiikwaruze kadi. Kisha akaigandisha kwenye sakafu ya kasha kwa ile gundi ambayo ikikunasa kidole unaenda nacho hospitali. Ilikuwa nguzo nzuri, tusimnyime haki yake. Kila mgeni alifunguliwa ubavu wa kasha aione. Mdogo wangu akawa anasema, "Kwa wenzetu wageni wanaonyeshwa picha za watoto. Hapa tunaonyesha nguzo."

Jumamosi, kabla ya ile Jumatatu, umeme ukakatika. Saluni ilikuwa na mteja mmoja, mama mwenye mwili wake, amekaa chini ya draya. Umeme ukakaa kidogo huko ulikokwenda, halafu ukarudi kwa hasira. Draya ikanguruma. Kutoka stoo kukasikika *pa!* na harufu kama ya mtu anayechoma kandambili.

Milimita akatokea mlangoni, hana rangi.

"Usiniangalie hivyo," mdogo wangu akamwambia. "Draya yangu nzima."

"Yako nzima. Yangu imekufa."

Nilipigiwa simu mimi. Watu wakikwama na kitu kikubwa mahali padogo wananipigia mimi, hilo halina mjadala. Nilipofika nikamkuta mpwa wangu naye ameshatia mguu, binti yao mkubwa anayesomea uhasibu chuoni, ingawa hesabu anazozijua vizuri ni za michezo ya kompyuta. Alikuwa amekuja na kompyuta yake kwenye teksi, ameipakata. Kubwa, kasha pana, lenye pawasaplai ya nguvu, ile ya kugawa umeme ndani, kila kitu kipya isipokuwa kadi ya picha, ambayo amekuwa akiililia tangu aingie chuo.

Akainusa kompyuta ya babake kama daktari. "Bodi mama, huu ubao mkubwa wa chini, ndiyo iliyoungua. Kadi iko salama."

"Umejuaje?" Milimita akauliza.

"Alama nyeusi iko huku, kwenye bodi. Kadi haina hata doa. Tuitoe, tuiweke kwangu, Jumatatu unaenda na yangu."

"Mbona macho yanang'aa hivyo kwenye msiba wa baba yako?" mdogo wangu akamuuliza.

"Mama! Nasaidia!"

Fundi wa kompyuta wa mtaani alikuwa amefunga, karatasi mlangoni inasema amesafiri. Kwa hiyo tukabaki sisi. Tukalibeba kasha mpaka saluni kwenye mwanga, tukalilaza ubavu juu ya meza, chini tumetandika taulo. Yule mteja chini ya draya akasogeza kiti apate kuona.

Mpwa wangu akashika usukani. Kwanza akahakikisha waya wa umeme umechomolewa, kisha akabonyeza swichi na kuishikilia, umeme uliobaki ndani upate kuisha. Halafu akanigeukia.

"Mjomba, vua sweta."

"Kuna baridi."

"Sweta lako lina umeme. Ukishika kadi unaiunguza na wewe huhisi kitu. Vua, halafu gusa chuma cha kasha."

Nikavua, nikagusa. Nimeambiwa mambo mengi na wanawake wa ukoo huu lakini kwamba nina umeme ilikuwa mara ya kwanza, nikajisikia vizuri kidogo.

Akachomoa waya wa skrini. Akafungua ubavu. Akatoa zile plagi mbili za umeme zilizochomekwa kwenye kadi, kila moja ina kibano cha kubonyeza kabla ya kuvuta, na vidole vyake vikawa vinapita humo kwa shida maana kila mahali pamejaa. Akafungua skrubu mbili za nyuma zinazoishika kadi kwenye kasha, akaziweka kwenye bakuli la vibanio vya nywele.

"Basi," nikasema, "hapo ni kazi ya mwanaume." Nikaikamata kadi kwa mikono miwili nikaivuta juu.

Ikaja. Na kasha nalo likaja. Nilikuwa nimeinua kompyuta nzima hewani, inaning'inia kwenye kadi kama samaki kwenye ndoana.

"Mjomba, shusha! Shusha! Shusha taratibu!"

"Imenasa."

"Haijanasa, imefungwa! Kuna kilimi!"

Nikashusha. Milimita alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, anatoa sauti ndogo kama birika linalokaribia kuchemka.

Kilimi chenyewe ni kiplastiki kidogo kule mwisho wa ule mwanya ambamo kadi imechomekwa. Kinaibana kadi isichomoke. Ukikibonyeza kinaachia. Usipokibonyeza, ukivuta kwa nguvu za kuhamishia makabati, unang'oa meno ya kadi na habari imeishia hapo. Nani angejua? Hata kabati lina adabu ya kuonyesha kitasa chake.

Simu zote zikawashwa taa. Tukachungulia. Kilimi tulikiona, kiko kule chini, kimefichwa na unene wa kadi. Upande huu kuna kibanda cha chuma cha diski. Upande ule, mbele yake kabisa, nyeupe, imenyooka, imesimama kama askari wa geti: nguzo.

Milimita akajaribu kidole. Kikagonga nguzo. Akajaribu kidole kingine.

"Niletee kisu," nikasema.

"Chuma hakiingii humo!" mpwa wangu akaruka.

Milimita akaenda stoo akarudi na rula yake ya pembe tatu. Haikuingia. Mdogo wangu alikuwa amesimama tu, kitana mkononi, kile cha mkia mrefu mwembamba wa plastiki wa kugawia nywele. Akakitazama. Akatusukuma.

"Pisheni."

Akauingiza mkia wa kitana. Ukapita pembeni ya feni, ukapita chini ya kadi, vizuri kabisa, sote tumebana pumzi. Ukafika kwenye nguzo ukagota. Akajaribu kuupinda. Akajaribu kutokea huku. Akautoa.

"Mpaka hiyo nguzo itoke," akasema.

"Nguzo haitoki," Milimita akasema.

"Baba—"

"Nguzo imebeba kadi."

"Baba, kasha limelala ubavu. Nguzo haijabeba kitu. Nayo imelala."

Milimita akatafuta jibu. Nilimwona akilitafuta, anapekua kichwani kama mtu aliyepoteza funguo. "Nguzo ni nguzo hata ikilala," akasema mwishoni.

"Sasa tutafanyaje?"

"Tutapita juu. Ukichukua pembe ya nyuzi thelathini kutoka upande wa feni..."

"Nimeshachukua," mdogo wangu akasema. "Hakuna njia."

"Tupanue kibanda cha diski."

"Kwa kitu gani? Kwa tupa?"

"Nipeni karatasi niwachoree."

Hapo mdogo wangu akaweka mkono kiunoni. Amekaa na mtu huyu muda mrefu, anajua pa kumgusa, lakini nadhani safari hii lilimtoka tu. Akanyoosha kitana kuelekea ndani ya kasha akasema, "Baba watoto, hii nguzo ya nini hapa?"

Draya niliiona kama imepunguza sauti. Milimita aligeuka akamwangalia mkewe, na kwenye uso wake nikawaona wote wamepanga foleni: muuza nyama, mwalimu, yule wa gari kubwa. Mdogo wangu naye akagundua alichosema. Akashusha kitana.

"Sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha," Milimita akasema polepole. "Na ni swali zuri."

Akainama akaiangalia nguzo yake. Nami nikamwangalia yeye. Utani pembeni, ilikuwa inauma kidogo. Mtu amekataliwa kila nguzo aliyoichora maishani, hii moja ndiyo aliyoisimamisha kwa mkono wake, kwenye nyumba ambayo hakuna mteja wa kumwambia iondoe. Na sasa upande mmoja wa mizani iko hiyo, upande wa pili madirisha ya watoto.

"Mimi ndiye nitakayeitoa," akasema. "Asiiguse mtu mwingine."

Akaleta koleo. Akaifunga midomo ya koleo kwa kitambaa, akaniambia niibebe kadi kwa chini isije ikapata mshtuko. Mtu wa kubeba alikuwa nani kama si mimi? Nikaipokea viganjani, mpwa wangu ananisimamia kama nyapara. "Shika pembeni, mjomba. Usishike feni. Feni hizo si za kushikia. Usiguse meno." Mdogo wangu akamulika.

Milimita akaikamata nguzo karibu na msingi akazungusha. Haikutikisika.

"Gundi gani hii?" nikauliza.

"Nzuri," akajibu, na sikujua kama analia au anajisifu.

Akazungusha tena. Mshipa ukamtoka kwenye kipaji cha uso. Nguzo ikalia kidogo, *kii*, kama mlango wa kabati la zamani, lakini ikakaa. Yule mteja kwenye draya akapiga kelele, "Isukume upande wa pili, kaka!" Nilitaka kumwambia akae kimya, lakini Milimita alishamsikiliza. Akageuza mkono, akasukuma upande wa pili. *Kah!*

Ikakatika mguuni. Akaitoa kwa ncha za vidole, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaitia mfuko wa shati pamoja na kalamu.

"Endeleeni," akasema, amegeukia dirishani.

Mkia wa kitana ukaingia. Ukapita. Mdogo wangu akabonyeza, akauma mdomo, akabonyeza tena. *Tik.* Sauti ndogo, huwezi kuamini ndiyo ile tuliyokuwa tunaipigania. Kadi ikainuka kidogo kwenye mikono yangu, yenyewe, kama mtu anayeamka.

"Juu, moja kwa moja," mpwa wangu akanong'ona. "Usiiyumbishe."

Nikaipandisha ikaachia mwanya. Halafu ikagota. Mkia wa kadi umegonga kibanda cha diski. Zile milimita mbili za kujivunia, mnazikumbuka? Zilikuwa hapo zinanicheka.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana wale watatu wanapoisimulia hadithi hii sehemu hii wanairuka. Mpwa wangu hakujua la kufanya. Milimita alianza kutaja nyuzi. Nami nikaona kabati. Kabati limekwama kwenye korido, kichwa kimegusa dari: husukumi, huvuti, unatanguliza miguu. Nikainamisha upande uliogota, nikainua kwanza upande wa nyuma wenye matundu ya waya wa skrini, nikaurudisha mwili kidogo kidogo kuelekea nilikosimama, na tofali lote likateleza likatoka, halikugusa ukuta hata kidogo. Nililiinua juu watu walione.

"Mjomba, usiirushe rushe!"

"Nimerusha?"

Akaninyang'anya. Alivyoibeba kwenda kwenye kompyuta yake, kwa vidole, akishika kingo tu, pumzi amezuia! Mimi mjomba wake sijawahi kuletewa hata chai kwa heshima ile.

Kwenye kasha lake iliingia bila maneno, maana mle ndani familia nzima ingeweza kupanga. Kikasikika kile kilimi kikijifunga. Skrubu, plagi mbili, waya wa skrini. Diski ya Milimita yenye kazi zake nayo ikahamishwa. Akabonyeza swichi. Mafeni matatu yakasita, yakaanza kuzunguka, na baada ya muda uliomzeesha shemeji yangu mbele ya macho yetu, chekechea ikatokea.

Milimita akakaa. Akashika kipanya, akatuingiza getini, akatupitisha kwenye varanda, akatuingiza darasani, halafu akaishusha picha mpaka macho yetu yakawa ya mtoto aliyekaa. Na dirisha likawa hapo hapo mbele yetu, pana, na nje uwanja.

Mdogo wangu hakuwahi kuiona. Miaka yote hiyo alikuwa ameacha kuangalia ramani, alisema zinamtia huruma bure. Akasogea.

"Kwa hiyo mtoto akikaa hapa anaona nje?"

"Mpaka getini," Milimita akasema. "Anamwona mama yake akija kumchukua."

Mdogo wangu aliweka mkono begani kwa mumewe akauacha hapo, mpaka sauti ikatoka chini ya draya: "Jamani, mimi si nimeshakauka?"

Jumatatu tukaenda, mimi nimebeba kompyuta kwa sababu sikubali mtu mwingine abebe, Milimita amebeba hotuba. Aliiandaa wikiendi nzima. Alikuwa na majibu ya kwa nini madirisha yako chini, majibu ya mvua, majibu ya wezi, majibu ya wazazi watakaosema watoto wanakodoa macho nje hawasomi. Mchoraji mwenzake alitangulia, kijana wa suti, jengo lake zuri tu, madirisha juu kabisa chini ya dari. Kamati ikatikisa vichwa kwa adabu.

Kisha wetu. Kadi ikafanya kazi bila kukwama hata mara moja. Milimita akawapitisha kimya kimya, akafika darasani, akaishusha picha. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mstaafu, mkavu, miwani puani, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameonyesha jino. Akasema, "Rudi hapo dirishani." Akarudishwa. Akaliangalia. Akawaangalia wenzake, kila mmoja akaitikia.

"Tumeikubali," akasema. "Ijengwe kama ilivyochorwa. Kisibadilishwe kitu."

Nilimgeukia shemeji yangu nimpongeze. Alikuwa amesimama na hotuba mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega halafu akakuta uko wazi.

"Lakini," akasema.

Nikamvuta shati kwa nyuma.

"Lakini madirisha, labda mtaona yako chini sana."

"Hatujaona hivyo," mwenyekiti akasema.

"Kuna watakaosema watoto watachungulia nje."

"Ndiyo maana tumeyapenda."

"Na mvua ikipiga kutoka mashariki, mtu anaweza akasema..." Na akaanza kueleza! Mapingamizi yote, kwa ufasaha kabisa, na vipimo. Majibu alikuwa nayo, lakini jibu halitoki mpaka uliulize swali, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza aliamua kuuliza mwenyewe. Tena alikuwa anauliza vizuri! Mjumbe mmoja wa pembeni akaanza kukuna kidevu. Mwenyekiti akavua miwani. Yule kijana wa suti akakaa sawa kwenye kiti.

Nikamkanyaga. Nilikuwa nimevaa buti zangu za kazi, na nikaweka uzito wote.

"Anasema asante," nikaiambia kamati.

Milimita, machozi yanamlengalenga, akaitikia kwa kichwa. Wakadhani ni furaha. Mwenyekiti mwenyewe akaguswa.

Nje akawa anachechemea. "Umenivunja kidole, shemeji."

"Ningekuvunja mguu mzima. Ulikuwa unafanya nini mle?"

"Sijui." Akasimama. "Sijawahi kukubaliwa. Mtu akikubaliwa anafanyaje?"

"Anafunga mdomo, anabeba mzigo wake, anaondoka kabla hawajageuza mawazo. Mimi hufanya hivyo kila nikishapitisha kabati."

Akalifikiria hilo kwa uzito wote, kama ananukuu kichwani. Halafu pale pale barabarani akaanza kucheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha kukunja tumbo, akanirukia akanikumbatia na kompyuta nikiwa nimeipakata, ikayumba, nusura ituponyoke sote wawili.

"Niachie!" nikamwambia. "Nasema niachie, mtu mzima wewe! Ikianguka hii, safari hii kadi utaitoa mwenyewe!"